Mume wangu ni fundi makochi, na mimi nina mimba ya miezi saba

Shikamoo Shangazi.

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala, na sitaki ajue kwanza. Hii ni mimba yetu ya kwanza. Tumeitafuta miaka minne, kwa hiyo utanisamehe nikionekana mwoga kupita kiasi.

Mume wangu ni fundi makochi, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Hana karakana. Anafanyia barazani, na mvua ikinyesha anaingiza kila kitu sebuleni. Makochi mengi anayopokea ni ya zamani, yametumika nchi za mbali yakauzwa tena. Anayavua kitambaa, anatoa sponji iliyochakaa, anaweka mpya na kuyashona upya. Msaidizi wake ni mimi tangu tuoane. Kazi yangu ni kung'oa pini na kubandua sponji ya zamani. Ile ikishakaa miaka mingi inageuka njano, ukiigusa inapukutika mkononi kama majivu. Vumbi lake nalikuta kwenye nywele, puani, mpaka kwenye shuka. Mabaki tunayachoma nyuma ya nyumba. Nimeifanya kazi hiyo hadi mimba ilipotimiza miezi mitano, tumbo likanikataza kuinama.

Wiki mbili zilizopita, kwenye foleni ya kliniki, dada mmoja alinionyesha habari kwenye simu yake. Ilihusu watafiti waliopima damu ya akina mama 12 waliojifungua Indiana, Marekani, pamoja na damu ya kitovu cha watoto wao. Wote walikutwa na kemikali zinazochanganywa kwenye sponji za makochi ili zisishike moto upesi, na mtoto alikuwa nazo karibu sawa na mama yake. Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta zaidi. Nikasoma kwamba zinapunguza akili ya mtoto, zinavuruga homoni, zinaingia kwenye maziwa. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuibia.

Nilimweleza mume wangu akacheka. Akasema baba yake kafanya kazi hii zaidi ya miaka 30 na kazaa watoto sita wazima, mmoja anafundisha hesabu. Niliposhikilia akanuna, akaniambia kumbe siku zote naidharau kazi inayotulisha. Mpaka leo tunasalimiana kama wapangaji.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwezi uliopita, kabla sijasoma lolote, alianza kumtengenezea mtoto godoro. Alichagua vipande vizuri vya sponji kutoka kwenye makochi ya wateja, vile ambavyo havijachoka, akavigandisha kwa gundi, akavishonea kitambaa chenye picha za ndege. Kashona na mto mdogo wa kufanana nalo. Akitoka kazini analibonyeza kwa kiganja kuona kama bado limesimama vizuri. Mtu kama huyo nitamwambiaje kwamba zawadi yake ina sumu?

Nijibu haya, Shangazi. Je, mtoto nimeshamdhuru? Nidai apimwe damu ya kitovu akizaliwa? Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe? Na lile godoro?

Mama Kijacho

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa hizo wiki mbili.

La kunyonyesha nalijibu kwanza kwa sababu ni fupi: mnyonyeshe. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha yaendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na ushauri huo haukutolewa na watu wasiojua kwamba maziwa hubeba kemikali. Wanajua vizuri sana. Tena wao ndio wanaoyapima. Kemikali hizi hukaa kwenye mafuta ya mwili, maziwa yana mafuta, na mtu anaweza kuyatoa bila kuchomwa sindano. Ndiyo maana watafiti huyapenda, na ndiyo maana kila ukitafuta habari hizi unakutana na neno maziwa. Siyo kwamba maziwa ndiyo mabaya kuliko vingine.

Ngoja nikupe kisa kimoja. Sweden walikuwa na desturi ya kuhifadhi sampuli za maziwa ya akina mama. Miaka ya 1990 wanasayansi walizitoa na kuzipima, kuanzia zile za mwaka 1972 hadi za 1997, wakakuta kiasi cha kemikali za kuzuia moto aina ya PBDE kilikuwa kinaongezeka maradufu kila baada ya miaka 5. Habari ilishtua. Lakini hawakuwaambia wanawake waache kunyonyesha. Walikwenda kuibana kemikali yenyewe, na viwango kwenye maziwa vikaanza kushuka. Nakuomba ukishike kisa hicho, kwa sababu mambo mengi nitakayokwambia huku mbele yanafuata njia hiyohiyo.

Sasa tuijue hiyo kitu. Sponji ya kochi inatokana na mafuta ya petroli, na ikishika moto huwaka vibaya. Mwaka 1975 jimbo la California lilitoa kanuni iitwayo TB 117: sponji ya samani lazima istahimili mwali mdogo wa moto kwa sekunde 12. Njia rahisi ya kufaulu mtihani huo ilikuwa kuichanganya sponji na kemikali zenye bromini au klorini. Soko la California ni kubwa, kwa hiyo watengenezaji wengi walikuta ni nafuu kuweka kemikali kwenye makochi yote kuliko kutengeneza ya aina mbili. Uingereza nayo ilitoa kanuni kali za moto wa samani mwaka 1988. Watafiti wa Marekani walipokuja kupima sponji za makochi 102 yaliyonunuliwa kati ya 1985 na 2010, asilimia 85 yalikuwa na kemikali hizo.

Mume wako ataielewa sehemu hii haraka kuliko mimi na wewe, maana ni ya ufundi. Kemikali hizi hazishikamani na sponji. Zimechanganywa tu ndani yake, hazikufungwa. Kwa hiyo zinatoka kidogokidogo miaka yote, zinaingia kwenye vumbi, na sponji inapozeeka na kupukutika kama ulivyoeleza, vumbi lenyewe ndilo sponji. Tunalila kwa mikono. Kwa watu wa Marekani, ambako makochi ya namna hii yalijaa, njia kubwa ya kemikali hizi kuingia mwilini ilikuwa vumbi la nyumbani, na chakula kilifuata nyuma.

Na kuna jambo ambalo wazima moto wenyewe walikuja kulisema: sponji haikai uchi. Imevikwa kitambaa, na kitambaa ndicho kinachoanza kuwaka. Moto ukishafika kwenye sponji umekuwa mkubwa, na ile kinga ya sekunde 12 haisaidii kitu. California ilibadilisha kipimo mwaka 2013, kikawa cha kitambaa na sigara inayofukuta, na tangu mwaka 2020 imepiga marufuku kemikali hizi kwenye samani mpya zenye sponji, godoro na vifaa vya watoto. Miaka karibu arobaini ya kemikali kwenye makalio ya watu, kisha wakagundua mtihani wenyewe ulitungwa vibaya! Samahani, hapo hasira zangu zimenitoka.

Turudi Indiana. Utafiti uliousoma ni wa kweli, ulichapishwa mwaka 2003. Na ni kweli kwamba watoto walikuwa na viwango vinavyokaribiana na vya mama zao, jambo lililoonyesha kwamba kondo la nyuma halizuii kemikali hizi. Viwango vyao vilikuwa mara 20 hadi 106 ya vile vilivyopimwa Sweden, na sababu unaweza kuikisia sasa: Wamarekani walikuwa wakizikalia. Lakini je, ile habari ya kwenye simu ilikwambia kwamba hao watafiti waliangalia pia uzito wa watoto na homoni za tezi ya shingo, na hawakuona uhusiano wowote? Siyo kwamba hilo linathibitisha usalama, maana watu 12 ni wachache mno kuonyesha jambo dogo. Nakwambia ili uone kwamba kukutwa na kemikali kwenye damu ni habari moja, na kudhurika ni habari nyingine.

Kuhusu kudhurika, sitakuficha, kwa kuwa ukihisi nimekuficha hutaniamini na lile la kunyonyesha. Homoni ya tezi ya shingo ndiyo inayoongoza ubongo wa mtoto kujengeka. Katika miezi ya mwanzo ya mimba mtoto hana homoni yake ya kutosha, anategemea ya mama. Kemikali za PBDE, hasa zikishageuzwa na mwili, zinafanana kwa umbo na homoni hiyo na zinaweza kuingia mahali pake. Watafiti waliwafuatilia watoto kwa miaka, New York, Cincinnati, na Bonde la Salinas huko California ambako wazazi wengi ni vibarua wa mashambani. Waliona kwamba watoto waliokuwa na mama wenye viwango vya juu zaidi walipata alama za chini kidogo kwenye vipimo vya akili, au walipata shida ya kutulia na kuzingatia. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti za aina hiyo ulikadiria kwamba kiwango kikiongezeka mara kumi, kipimo cha akili kinashuka kwa pointi zisizofika 4.

Zisome vizuri hizo pointi. Ni wastani wa watoto wengi wakilinganishwa, mmoja mama yake ana kiwango cha mara kumi ya mwingine. Ukimchukua mtoto mmoja na kumweka mbele yako huwezi kuziona. Mtoto anayesomewa, anayezungumziwa, aliyelala vizuri, anaweza kuzipata na kuzizidi. Lakini ukiwa na nchi yenye mamilioni ya watoto, pointi hizo zinakuwa kitu kikubwa, na ndiyo maana serikali zilichukua hatua. Hofu inayofaa kwa waziri wa afya haifai kwa mama aliyelala kitandani usiku.

Kwa hiyo, nimeshamdhuru? Sijui mtu yeyote anayeweza kukutazama akasema ndiyo, na wewe usijisemee. Ulifanya kazi ya halali kumsaidia mume wako, kwenye sponji iliyotiwa kemikali na kiwanda ambacho hakikuandika kitu. Mwenye lawama yupo, ila hayumo ndani ya nyumba yenu. Nakuonya na jambo jingine kabla hujalikuta: Bonde la Salinas waliona pia kwamba wanawake wenye PBDE nyingi walichukua muda mrefu zaidi kushika mimba. Nakujua, utaanza kuipima ile miaka minne yako kwa kipimo hicho. Usianze. Kuchelewa kushika mimba kuna sababu nyingi, na sehemu nzuri ya hizo ziko kwa wanaume. Mimba unayo, inacheza tumboni.

Kupima damu ya kitovu, hapana. Kipimo hiki hufanywa na maabara za utafiti, siyo hospitali, na ukipewa jibu utapewa namba isiyo na mstari wa kusema hapa ni salama na hapa ni hatari. Hakuna dawa ya kuzitoa. Akija mtu na unga au maji ya kusafisha mwili, mfungie mlango, na zaidi ya yote usijaribu kujikondesha wakati huu. Kipimo ninachoona kina maana ni cha tezi yako wewe mwenyewe. Waambie kliniki umekuwa ukifanya kazi ya sponji, uliza kama wanaweza kukupima homoni ya tezi, na hakikisha chumvi mnayotumia ina madini joto, maana tezi bila madini joto ni fundi bila sindano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona umelipita haraka. Umeandika kuhusu miezi iliyokwisha, hukuandika kuhusu mwaka ujao. Mtoto wako atatambaa. Atatambaa kwenye sakafu hiyohiyo ya sebule inayoingizwa sponji mvua ikinyesha, na mikono ataitia mdomoni mchana kutwa. Watafiti wa Marekani walipowapima watoto wadogo pamoja na mama zao, mtoto ndiye aliyekutwa na kiwango cha juu, ingawa wanaishi nyumba moja. Mama hatambai. Ubongo nao haumalizi kujengeka siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mlango mkubwa wa kuufunga uko mbele yenu, na bahati nzuri uko kwenye uwezo wenu. Utafiti mmoja wa New York uliwapa wanawake kazi rahisi tu, kunawa mikono mara nyingi zaidi na kusafisha nyumba kwa kitambaa chenye maji, na ndani ya wiki moja baadhi ya kemikali za kuzuia moto zilipungua kwenye mkojo wao. Hizo ni za aina mpya, zenye fosforasi, ambazo mwili huzitoa kwa siku chache. PBDE za zamani hukaa mwilini kwa miaka, ndiyo sababu nakuhimiza zisiingie.

Kazi ya kubandua sponji itoke ndani ya nyumba kabisa. Siyo barazani, siyo sebuleni siku ya mvua. Kama hana banda, apate hata kibanda cha turubai mbali na mlango, ambako wewe hupiti na upepo hauelekei dirishani. Kushona na kuwamba kitambaa kipya anaweza kuendelea barazani. Uchafu wenyewe uko kwenye kuvua. Avae barakoa nzuri, awe na nguo za kazi zisizoingia chumbani, aoge au angalau anawe mikono mpaka viwiko kabla hajakushika tumbo. Nguo hizo zifuliwe peke yake, na azifue mwenyewe. Ndani, acheni ufagio mkavu: unarusha vumbi hewani kisha linatua kwenye vyombo. Pigeni deki, futeni kwa kitambaa kibichi, kungʼuteni nje yale mnayoweza kutoa. Fanyeni usafi mmoja mkubwa kabla ya kujifungua, na mtu mwingine aufanye, wewe ukiwa kwa ndugu au rafiki siku hiyo. Na ule moto wa nyuma ya nyumba uzimwe leo. Sponji ikiungua inatoa moshi wenye sianidi, na kemikali zenye bromini zikiungua ovyo zinazaa sumu za kundi la dayoksini, ambazo ni mbaya kuliko zile mlizokuwa mnazikimbia. Mabaki yafungwe kwenye mifuko yaende na taka.

Hayo yote yanamhusu mume wako, na hatayafanya akiwa amenuna. Nimemfikiria sana huyu bwana.

Hoja yake ya baba yake usiibeze. Ina jibu, lakini jibu la heshima. Mzee huyo huenda miaka yake mingi alishika sponji isiyotiwa kitu, au ya makochi yaliyotengenezwa kwa kanuni nyingine kabisa. Siyo kila sponji ina kemikali. Tena madhara tunayoyazungumzia hayazai mtoto mwenye kasoro ya kuonekana, yanapunguza kidogo, na hata mwalimu wa hesabu hawezi kujua angekuwa nani kama angeongezewa pointi tatu. Usimwambie hivyo shemeji yako.

Mwanzo wa mazungumzo yenu usiwe mtoto, uwe yeye. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya damu vya watu wanaorejeleza sponji na wanaotandika mazulia yenye sponji chini yake. Walikuwa na viwango vya juu mno kuliko watu wa kawaida. Sweden, mwaka 1999, waliokuwa wakifungua kompyuta kuukuu walikutwa hivyohivyo, kwa sababu plastiki za kompyuta zilitiwa kemikali za ukoo huohuo. Mwenye damu ya kuhurumiwa zaidi katika nyumba yenu ni fundi. Ukimwambia "kazi yako inamwekea mtoto sumu," amesikia dharau, na mimi ningesikia hivyo pia. Ukimwambia "nimesoma kwamba mafundi wa sponji ndio wanaoumia kwanza na hakuna aliyewaambia, nami nakutaka uzeeke nami," umesema ukweli uleule, ila umeketi upande wake wa meza.

Kisha mpe kazi ya fundi. Mwambie ageuze kila kochi linaloingia atafute kibandiko chini ya mto au chini ya kiti. Kikiwa na maandishi TB 117 peke yake, sponji hiyo aihesabu ina kemikali. Kikiwa na TB 117-2013, asome zaidi, maana makochi yaliyouzwa California tangu 2015 yanapaswa kuandikwa kama yametiwa au hayakutiwa. Kisichokuwa na kibandiko, akishike kama chenye kemikali. Yeye ndiye atakayekuwa anakufundisha wewe baada ya mwezi, na wanaume wengi, nisamehewe, huanza kuiamini habari siku wanapokuwa wao ndio wanaoieleza.

Godoro. Mtoto asililalie, na mto pia usitumike, lakini kwa sababu mbili tofauti. Mto hauna kosa la kemikali kulizidi godoro. Ni kwamba mtoto mchanga hahitaji mto wa aina yoyote. Analala chali, kwenye godoro gumu na bapa, bila mto wala vitu laini karibu na uso, asije akazibwa pumzi. Hilo wakunga tungemwambia fundi yeyote duniani, kwa hiyo anza nalo, halina aibu ndani yake. Godoro ni kwa ajili ya sponji kuukuu: mtoto mchanga hulala saa nyingi za siku, pua yake ikiwa juu yake, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kuweka vipande vya makochi ambayo hamjui yalikotoka.

Lakini kitambaa cha ndege hakina kosa. Afumue mshono, akifue mara mbili, atafute sponji mpya ambayo muuzaji anathibitisha haikutiwa kemikali ya moto, au ajaze pamba na kuibana mpaka iwe ngumu, kisha akishone tena. Mshike mkono umwambie unataka mtoto alale kwenye kazi ya baba yake. Nadhani atakwenda kutafuta mkasi kabla hujamaliza sentensi.

Lile la zamani alitoe yeye mwenyewe, siku wewe hupo.